Kesi za Kuua na Kujeruhi Minnesota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili mahakamani. Si wakili, na hakuna hapa ushauri unaoweza kuchukua nafasi ya wakili. Lakini maswali haya ninaulizwa kila wiki: kwenye korido za mahakama, kwenye maegesho ya msikiti na kanisa, hata msibani nikiwa nimeshika sahani ya wali. Kesi za watu sizisimulii, nimekula kiapo. Ninazotaja hapa ni zile ambazo dunia nzima ilizitazama kwenye televisheni. Nimeshika sheria za Minnesota kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi, na pale ambapo jimbo jingine linakwenda njia yake nitasema.

Sheria ya Marekani kuhusu mauaji inasemaje?

Hakuna sheria moja. Kuna majimbo 50, na kila jimbo limejitungia sheria zake za jinai. Serikali kuu ya Washington nayo ina zake, ila mauaji ya kawaida ya mtaani au nyumbani hufunguliwa kesi na mwendesha mashtaka wa kaunti, chini ya sheria ya jimbo.

Kwa hiyo jina la kosa peke yake halikuambii mengi. New York, mtu aliyeua kwa kukusudia kwa kawaida hushtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili, kwa sababu daraja la kwanza wameliwekea mambo machache maalumu, kama kumuua polisi. Texas haina madaraja hayo kabisa: kuna mauaji, ambayo adhabu yake ni miaka 5 hadi 99 au kifungo cha maisha, na kuna mauaji mazito yanayoweza kumpeleka mtu kwenye adhabu ya kifo. Minnesota iliifuta adhabu ya kifo mwaka 1911. Majimbo 27 bado yanayo kwenye vitabu, ingawa baadhi, kama California, hayanyongi mtu kwa sasa kwa amri ya gavana.

Binamu yako wa Houston akikupigia simu kukueleza kesi ya mdogo wako wa Minneapolis itakavyokwenda, mshukuru, kisha mtafute wakili wa Minnesota.

Daraja la kwanza, la pili, la tatu: tofauti ni nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu nyumbani tumezoea mafungu mawili. Tanzania kuna kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kenya ni hivyo hivyo. Minnesota ina ngazi tano, na kinachozitenganisha zaidi ni kile kilichokuwa kichwani mwa mtu wakati mwenzake anapoteza uhai. Maiti ni ile ile. Nia ndiyo inayopimwa.

Mauaji ya daraja la kwanza, kwa aina yake inayojulikana zaidi, ni kuua kwa kukusudia baada ya kupanga. Sheria haikutaja dakika wala siku, lakini lazima muda fulani uwe umepita kati ya wazo na tendo. Adhabu yake ni kifungo cha maisha bila matumaini ya kutoka. Kuna njia nyingine za kuangukia daraja hili, kwa mfano kuua kwa kukusudia wakati wa uporaji au utekaji.

Daraja la pili lina vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni aliyekusudia kuua lakini hakupanga: ugomvi umewaka, kisu kiko mezani. Chumba cha pili ni yule ambaye hakukusudia kuua kabisa, ila alikuwa akitenda kosa jingine kubwa na mtu akafa. Vyote viwili kikomo chake ni miaka 40, lakini mwongozo wa adhabu wa jimbo unavitenganisha mbali: kwa mtu asiye na rekodi ya nyuma, aliyekusudia kwa kawaida hupangiwa miezi 306, asiyekusudia miezi 150.

Daraja la tatu ni mtu aliyefanya jambo la hatari ya wazi kwa wengine bila kujali uhai wa binadamu. Kikomo ni miaka 25. Vijana wetu wajue kwamba humu ndimo anamoingia pia aliyempa mwenzake dawa za kulevya kama fentanili na mwenzake akafa. Si lazima awe muuzaji mkubwa. Kumgawia rafiki kunatosha.

Chini yake kuna kuua kusiko mauaji, kwa daraja la kwanza (hadi miaka 15) na la pili (hadi miaka 10). La kwanza ni pamoja na aliyeua kwa hasira ya ghafla, amechokozwa kiasi ambacho hata mtu mwenye subira ya kawaida angeweza kuwaka. La pili ni uzembe mkubwa, mtu kujua kuna hatari na kuicheza bahati nasibu.

Ukitaka kuona ngazi hizi zikifanya kazi, rudi kwenye kesi ya Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd Minneapolis mwaka 2020. Aliyekufa ni mmoja, mashtaka yalikuwa matatu: daraja la pili bila kukusudia, daraja la tatu, na kuua kwa uzembe. Watu walinipigia simu wakiuliza, "Mbona wanasema hakukusudia? Si tulimwona?" Mwendesha mashtaka hakulazimika kuthibitisha kwamba alitaka Floyd afe. Ilitosha kuthibitisha kwamba alikuwa akimshambulia na shambulio hilo likasababisha kifo. Aprili 2021 alitiwa hatiani kwa yote matatu, lakini akahukumiwa kwa lile zito peke yake: miaka 22 na nusu.

Kesi ya Mohamed Noor, naye polisi wa Minneapolis, inafundisha upande wa pili. Mwaka 2017 alimpiga risasi Justine Ruszczyk, mwanamke aliyekuwa amepiga simu ya dharura mwenyewe. Noor akatiwa hatiani kwa daraja la tatu na kupewa miaka 12 na nusu. Septemba 2021 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikalitupa kosa hilo: daraja la tatu ni la mtu anayehatarisha watu kiholela bila kujali nani atadhurika, wakati Noor alimlenga mtu mmoja. Likabaki kosa la uzembe, na kifungo kikashuka hadi miezi 57. Risasi haikubadilika, wala aliyekufa hakufufuka. Kilichobadilika ni tafsiri ya maneno machache ya kifungu cha sheria.

Kwanza alishtakiwa daraja la pili, baadaye wakapandisha hadi la kwanza. Wamepata ushahidi mpya?

Pengine, lakini si lazima. Minnesota, shtaka linaloweza kuleta kifungo cha maisha ni lazima lipitishwe na juri kuu, yaani kikao cha siri cha raia wanaosikiliza upande wa mashtaka na kuamua kama kuna msingi wa kumshtaki mtu. Kuwakusanya kunachukua muda. Mwendesha mashtaka asiyetaka mtu atoke hufungua kwanza daraja la pili, halafu anakwenda juri kuu. Msichanganye kikao hiki na wale raia 12 wa kesi yenyewe, ambao lazima wote wakubaliane ndipo mtu atiwe hatiani.

Mwanangu alikuwa kwenye gari tu, hakushika bunduki. Inakuwaje anashtakiwa kwa mauaji?

Majimbo mengi ya Marekani yanasema hivi: mkienda wawili kupora na mmoja wenu akaua, nyote mmeua. Sheria hii imewafunga vijana wengi waliokuwa wakisubiri nje. California iliibana kuanzia Januari 2019. Minnesota nayo mwaka 2023 iliirekebisha, kwa hiyo aliyesaidia kosa la msingi bila kusababisha kifo mwenyewe, na bila nia ya kifo kutokea, haangukii moja kwa moja kwenye mauaji. Mabadiliko hayo yaliwafikia hata waliokwisha kufungwa. Ukivuka mpaka wa jimbo, usidhani ni hivyo hivyo.

Alisema "nitakuua" kwa hasira tu. Hilo nalo ni kosa?

Mama yangu ameniambia "leo nitakuua" mara nyingi kuliko alivyoniambia nioge. Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua. "Utanitambua", "nitakutoa roho", "nitakunyoa bila maji": tunavurumisha maneno haya kwenye mechi ya karata.

Sasa yapeleke mbele ya jaji wa Hennepin, kaunti ya Minneapolis. Minnesota ina kosa la kutishia vurugu, hadi miaka 5 jela, kwa mtu aliyetishia kosa la nguvu kwa lengo la kumtia mwingine hofu, au bila kujali kama hofu itaingia. Ujumbe wa WhatsApp ni ushahidi, na ule wa sauti ni ushahidi ulionona zaidi. Mimi nikiwa kizimbani natafsiri ulichosema. Siruhusiwi kuongeza, "Mheshimiwa, kwetu huu ni mzaha." Wakili wako ndiye anayeweza kulijenga hilo, kwa kumleta shahidi anayejua lugha na desturi. Mwambie mapema.

Sikumgusa hata kidogo. Wananishtakije kwa shambulio?

Kwa sheria ya Minnesota, kufanya kitendo kwa nia ya kumtia mtu hofu ya kuumizwa papo hapo ni shambulio tayari. Kuinua panga kunatosha. Si lazima lishuke. Silaha ikihusika, ni shambulio la daraja la pili, hadi miaka 7, au 10 ikiwa mtu ameumia vya kutosha. Daraja la kwanza, hadi miaka 20, ni la majeraha mabaya kabisa, yale ya kuhatarisha uhai au kuacha ulemavu wa kudumu. La tatu ni miaka 5. La tano ni kibao au kusukumana.

Kumkaba mke au mume shingo kuna kifungu chake peke yake, hata kama hakuachwa na alama. Polisi na manesi hapa wamefundishwa kuuliza swali hilo moja kwa moja: "Alikushika shingo?" Jibu la ndiyo linapandisha kosa dogo kuwa kubwa.

Familia mbili zimekaa, wazee wamesuluhisha, mkosaji ameomba radhi. Tunafutaje kesi?

Hamuifuti. Tazameni jina la kesi juu ya karatasi: ni Jimbo la Minnesota dhidi ya mtuhumiwa. Aliyepigwa ni shahidi, si mwenye kesi. Anaweza kumweleza mwendesha mashtaka matakwa yake, na yatasikilizwa, lakini uamuzi si wake. Hata diya, yaani fidia ya damu, kwa ndugu wanaoifuata, haisimamishi shtaka la jinai hapa.

Hapo penye nia njema ndipo familia zinapojichimbia shimo. Karibu kila kesi ya nyumbani, jaji humkataza mtuhumiwa kuwasiliana na mlalamikaji, na katazo hilo linahusu pia kutuma mtu. Shangazi anayepanda gari kwenda kumbembeleza bi arusi "alegeze" anaweza kumletea mpwa wake shtaka la pili, na yeye mwenyewe akajikuta anahojiwa kwa kumshawishi shahidi. Suluhu ya wazee ina heshima yake, na nimeona ikituliza nyumba. Ipitisheni kwa wakili.

Nikijitetea je?

Unaruhusiwa kutumia nguvu inayolingana na hatari. Lakini ukiwa nje ya nyumba yako, Minnesota inakutaka kwanza uondoke kama kuna njia salama ya kuondoka. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikwenda mbali zaidi: hata kutoa silaha ya kuua ili kumtisha anayekutishia, bila kuitumia, kunadai kwanza ujaribu kuondoka. Florida tangu 2005 na Texas tangu 2007 wana msimamo mwingine, kwamba mtu aliye mahali anapostahili kuwapo hana wajibu wa kukimbia. Texas inaruhusu hata nguvu ya kuua kuzuia wizi wa usiku, kwa masharti. Madereva wa malori wanaobeba bunduki kutoka jimbo hadi jimbo wasiibebe na sheria ya Texas kichwani.

Ajali ya gari inaweza kuwa kesi ya kuua?

Ajali tupu, hapana. Ukiwa umelewa, umeendesha kwa uzembe mkubwa, au umesababisha ajali ukakimbia, ndiyo: Minnesota ni hadi miaka 10, na zaidi kwa mwenye makosa ya ulevi ya nyuma. Texas, kuua ukiwa umelewa nyuma ya usukani ni miaka 2 hadi 20.

Dhamana ipo kwa kesi ya mauaji?

Wanaotoka Tanzania hushangaa, maana kwao mauaji hayana dhamana. Minnesota katiba inampa mtuhumiwa haki ya kupangiwa dhamana hata kwa mauaji, ingawa kiasi chaweza kuwa dola milioni. Illinois iliondoa dhamana ya fedha kabisa Septemba 2023. Huko jaji anaamua mtu atoke au abaki.

Kabla ya kupitisha mchango, elewa pesa inakwenda wapi. Ukipitia wakala wa dhamana, ada yake, mara nyingi asilimia 10, hairudi. Ukilipa mahakamani taslimu, inarudi mtu akihudhuria tarehe zote, lakini sheria ya Minnesota inaihesabu kuwa mali ya mtuhumiwa hata kama walichanga watu 200, kwa hiyo faini na fidia zinaweza kukatwa humo. Andikianeni hilo mapema, kabla mweka hazina hajaitwa mwizi. Na kama mtu hana uraia, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya kulipa senti: kuna anayetolewa mlango wa jela ya kaunti na kupokelewa na maofisa wa uhamiaji mlango wa pili.

Itaathiri green card au hifadhi yangu?

Hili swali liulizwe siku ya kwanza, si siku ya hukumu. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia madhara ya kukiri kosa. Muulize, na akisema "hilo si eneo langu" mwambie amtafute anayelijua.

Mauaji humfungia mtu mlango wa uraia milele. Kosa la vurugu lenye adhabu ya mwaka mmoja au zaidi linaweza kuhesabiwa na sheria ya uhamiaji kuwa jinai nzito, hata kama jaji alisema kifungo kisitumikiwe na mtu akarudi kulala kwake. Siku moja inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kubaki na kufukuzwa. Minnesota ililijua hilo, ikashusha mwaka 2023 kikomo cha makosa yake ya kati kutoka mwaka mmoja hadi siku 364. Makosa ya ukatili wa nyumbani yana kifungu chao cha kumwondoa mtu nchini, hata yakiwa madogo. Na tangu Januari 2025, asiye na kibali anayeshtakiwa kwa kosa lililosababisha kifo au jeraha baya hushikiliwa na uhamiaji kwa lazima, hata kabla ya kuhukumiwa.

Ubalozi wetu utajulishwa?

Chini ya Mkataba wa Vienna, mgeni anayekamatwa lazima aambiwe kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Kwa nchi kadhaa kujulisha ni lazima, atake asitake, na Tanzania ni mojawapo. Kwa nchi zisizo katika orodha hiyo, uamuzi ni wa aliyekamatwa. Mkimbizi anayeiogopa serikali yake alizungumze na wakili kwanza. Ubalozi haumtoi mtu jela. Unaweza kumtembelea na kuijulisha familia.

Polisi wanazungumza naye kwa upole. Ajibu tu, si hana hatia?

Asijibu. Aseme anataka wakili na mkalimani, kisha anyamaze. Nyumbani kumnyamazia mkubwa ni utovu wa adabu. Hapa ni haki ya kikatiba, na juri haliruhusiwi kuichukulia kuwa dalili ya hatia. Wakili ni bure kwa asiye na uwezo. Polisi wa Minnesota lazima warekodi mahojiano ya mtu aliye kizuizini, kwa hiyo kila neno litasikilizwa tena miezi baadaye na mtu mwingine.

Nimesikia mama akilia, "Mimi ndiye niliyemuua mwanangu," akimaanisha hakumwangalia vizuri. Kila Mswahili angeelewa. Karatasi haielewi.

Mkalimani ni haki yangu? Nami Kiswahili changu ni cha Bukavu.

Ni haki yako, bila malipo. Usimtumie mtoto wako wala mchungaji. Na sema mapema Kiswahili chako ni cha wapi, maana maneno yanabeba mizigo tofauti. Mkongo akisema "alikamata kisu" mara nyingi anasema alikichukua tu. Mtanzania anasikia amekidaka au amekishika kwa nguvu. "Alimpiga" pekee haisemi kama ni kwa kofi, rungu au risasi. Mkalimani mzuri ataomba ruhusa ya jaji akuulize. Asipouliza na wewe ukaona amekosea, inua mkono.

Anapiga simu kutoka jela kila jioni. Tuongee naye kuhusu kesi?

Muulizeni kama amekula, mpeni salamu za watoto. Simu za jela zinarekodiwa, isipokuwa za wakili wake, na tangazo hilo huchezwa mwanzoni kwa Kiingereza ambacho wengi hawakisikilizi. Kiswahili hakiwafichi. Mwendesha mashtaka akitaka kujua mlichosema, huajiri mtu wa kazi kama yangu, anakaa na vipokea sauti masikioni, anaandika kila neno.